Mtoto wa mbwa analia usiku kucha kwenye kizimba, naomba ushauri

Habari zenu wakuu. Naomba mawazo yenu, hasa wanaofuga mbwa ndani.

Nina German Shepherd jike wa wiki 9, leo usiku wa tano tangu nimtoe kwa mama yake. Nipo Arusha, nyumba ya kupanga, ukuta mmoja na jirani mwenye kichanga (ameshanigongea mara mbili, na simlaumu). Kizimba ni cha waya, kipo sebuleni. Mchana hana neno: anaingia mwenyewe, anakula humo, hata kulala analala mlango ukiwa wazi. Nikifunga saa nne usiku, kilio mpaka saa nane.

Nimeweka fulana yangu, nimefunika kwa kanga, nimempa chupa ya maji ya moto niliyoizungushia taulo. Chakula cha mwisho saa moja, na namtoa akojoe kabla ya kufunga. Juzi nilishindwa nikamtoa, akalala miguuni pangu kimya. Jana akalia mara mbili zaidi. Najua nimeharibu.

Je, nihamishie kizimba chumbani kando ya kitanda kisha nikirudishe sebuleni kidogo kidogo, au azoee hapo hapo? Na mnatofautishaje kilio cha haja na cha upweke?