Mgonjwa asema "jicho la kushoto limekufa", lakini chati ya macho inatoa 6/6 (uoni wa kawaida) macho yote mawili

Tabibu wa Umoja:
Wenzangu, naomba mwongozo. Mzee wa miaka 58, ana presha na sukari. Tangu jana asubuhi anagonga fremu ya mlango kwa bega la kushoto, na ugali ulio upande huo wa sahani anauacha. Hana maumivu, mikono na miguu ina nguvu sawa, anaongea vizuri. Duka la miwani limemshauri abadilishe lenzi. Hapa zahanati hatuna mashine ya kupima upana wa kuona. Nikague vipi kwa mikono tu?

Daktari wa macho:
Asinunue miwani. Chati hupima sehemu ndogo ya katikati tu. Mtu aweza kupoteza nusu nzima ya anachoona na bado akasoma 6/6.

Keti mkabala naye, kama mita moja, macho yenu kimo kimoja, dirisha lisimwake usoni. Azibe jicho la kulia kwa kiganja bila kulibonyeza, nawe ufumbe lako la kushoto. Akukazie mboni. Inua kidole 1, 2 au mkono mzima, katikati yenu hasa, kwenye pembe nne: juu na chini, kushoto na kulia. Ahesabu. Kisha rudia kwa jicho la pili.

Usitikise vidole. Hata sehemu iliyokufa huweza kuhisi mwendo, nawe utaandika kwamba anaona. Na ukiona mboni yake imekimbilia mkono wako, jibu hilo litupe, uanze upya. Malizia na kifuniko chekundu cha kalamu: kipitishe polepole kutoka kulia kwenda kushoto, akuambie wekundu unapofifia. Mwisho, macho yote wazi, inua mikono miwili kwa pamoja. Akiona kila mmoja peke yake lakini wa kushoto ukampotea ikija yote, ubongo unapuuza upande huo.

Nusu ya kushoto ikikosekana katika kila jicho, kasoro iko upande wa kulia wa ubongo, nyuma ya pale neva za macho zinapopishana. Wagonjwa wengi hulaumu jicho moja kwa sababu upande wa nje wa jicho huona mbali kuliko upande wa pua, basi pengo la huko ndilo linalowasumbua.

Tabibu wa Umoja:
Asante sana, daktari. Je, haiwezi kuwa presha ya macho (glakoma)?

Daktari wa macho:
Presha ya macho huja taratibu, na pengo lake kwa kawaida hufuata mstari wa kulala, mara nyingi likianzia upande wa pua. La ubongo hukatika kwenye mstari wa wima. Kama pengo lingekuwa upande wa nje wa macho yote mawili, ningeshuku uvimbe wa tezi ya pituitari, tezi ya homoni iliyo chini ya ubongo, karibu na pale neva hizo zinapopishana: ulizia dalili za homoni kuvurugika, yaani viatu na pete kubana, nguvu za kiume, hedhi kwa wanawake, na upime prolaktini (homoni ya tezi hiyo) kabla ya kuzungumzia upasuaji, maana uvimbe unaotoa prolaktini kwa kawaida hutibiwa kwa vidonge.

Muuguzi wa wodi ya kiharusi:
Pengo lililokuja ghafla ni kiharusi hadi skani ya ubongo ikanushe, hata mkono usipolegea. Pima sukari sasa hivi, kwa kuwa ikishuka sana huiga kiharusi. Shika mpigo, ukiwa hauna mpangilio, andika kwenye barua ya rufaa. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu alipoonekana mzima mara ya mwisho. Huyu muda huo umempita, lakini aende hospitali yenye skani leo, si kliniki ya Jumatatu. Usimpe aspirini kabla ya skani kuondoa uwezekano wa damu kuvuja. Presha ya damu usiishushe kwa haraka, utainyima damu sehemu ya ubongo inayopigania uhai.

Familia waambie asiendeshe gari wala boda. Akivuka Jogoo Road hapa Nairobi, magari ya nusu ya pili ya barabara yatamjia kutoka kushoto, asikoona. Apite daraja la miguu, na kila mara ageuze kichwa chote. Kusoma, abandike utepe mwekundu pembezoni kushoto mwa ukurasa, aanze kila mstari kwa kuutafuta utepe huo.