Naweza kuacha kuhesabu kabla ya mmea wa 50? Naomba msaada kuhusu mpango wa mfuatano

Binti_wa_Mvomero

Habari zenu wakuu. Nipo mwaka wa pili wa shahada ya uzamili, nafanya utafiti wa kiwavijeshi vamizi kwenye mahindi ya wakulima wadogo huku Mvomero, Morogoro. Nina mashamba 24. Kila shamba natembea kwa umbo la herufi W, nasimama vituo 5, kila kituo nakagua mimea 10. Nafungua majani ya moyo wa mmea, natafuta kiwavi au kinyesi kibichi kilicho kama unga wa mbao, naandika ndiyo au hapana. Ni mimea 1,200 kwa mzunguko mmoja, na kila wiki naanza upya. Kwa tope la masika haya, mimi na msaidizi wangu tukijitahidi sana tunamaliza mashamba manne kwa siku.

Juzi nilikuwa kwenye shamba la mama mmoja. Katika mimea 20 ya mwanzo, 9 ilikuwa imeshashambuliwa. Mama alikuwa amesimama pembeni akanitazama, akaniuliza, "Mwanangu, unahesabu nini tena na umeshaona?" Nilikosa jibu. Nikamaliza 50 zangu, lakini swali lake nimelala nalo.

Nimesoma kwamba upo mpango wa mfuatano, ambapo huamui idadi ya sampuli tangu mwanzo, unakagua kidogo kidogo na unaacha ushahidi ukitosha. Msimamizi wangu anasema hiyo ni njia ya mkato. Je, ni kweli? Na watafiti wa nyanja nyingine wanautumiaje?

Mwalimu_Nyanda

Dada, sisi wa elimu tunautumia sana. Unagawa dodoso kwanza, unachambua, halafu majibu yanakuonyesha nani umfuate kwa mahojiano. Mimi niliona shule mbili zimeachana mno na nyingine, nikarudi kwenye hizo mbili tu kukaa na walimu wake. Ieleze vizuri kwenye sura ya tatu ya tasnifu, ile ya mbinu, na uitetee.

Mzee_wa_Sampuli

Mwalimu, hapo jina ni moja ila vitu ni viwili. Wako ni mfuatano wa awamu: njia moja ya kukusanya data inaitangulia nyingine. Wa binti ni mfuatano wa sampuli yenyewe, ambapo kila mmea unaoongezwa unaweza kuwa wa mwisho. Nimeona tasnifu zikichanganya hivi viwili, na mwandishi akabanwa siku ya utetezi.

Binti, si njia ya mkato. Abraham Wald aliitungia hesabu yake mwaka 1943 akiwa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, wakati wa vita, kwa ajili ya ukaguzi wa zana za kijeshi. Fikiria shehena ya risasi: kila unayoijaribu inateketea, kwa hiyo ukijaribu nyingi kuliko zinazohitajika unapoteza mali. Kitabu chake kilitoka 1947, na baadaye watu wa wadudu waharibifu wa misitu na mazao wakaichukua, kwa sababu shida yao ni hiyo yako: miguu na muda.

Nimekupigia hesabu. Tuseme shamba lenye mashambulizi ya asilimia 10 halihitaji dawa, lenye asilimia 30 linahitaji, na unakubali kukosea mara 1 kati ya 10 kwa kila upande. Unapata mistari miwili sambamba, wa chini wa kuacha bila dawa na wa juu wa kupuliza, na kadi yako ya mfukoni inakuwa hivi:

Mimea 20: ikishambuliwa 2 au pungufu, acha, usipulize. Ikiwa 6 au zaidi, acha, shamba linahitaji dawa.
Mimea 30: 3 au pungufu, 8 au zaidi.
Mimea 40: 5 au pungufu, 10 au zaidi.
Mimea 50: 7 au pungufu; 11 au zaidi.

Ukiwa katikati, songa kituo kinachofuata. Ukikagua mmoja mmoja, kwa wastani uamuzi huja kabla ya mmea wa 20. Yule mama na 9 zake alikuwa amevuka mstari wa juu zamani.

Nimeanzia 20 makusudi, ingawa hesabu inaruhusu kusimama hata kwenye 10. Hesabu ya Wald inachukulia kwamba mmea mmoja haujui habari za jirani yake. Kiwavi wako hafuati hilo. Nondo hutaga mayai mamia kwa fungu moja, vitoto vikianguliwa vinajining'iniza kwa nyuzi na upepo unavipeleka mmea wa pili na wa tatu. Ukiangukia kona yenye fungu, utahukumu shamba zima kwa kosa la kona. Kwa hiyo vituo viwili vya mwanzo viwe mbali, kimoja huku, kingine upande wa pili kabisa.

Sasa neno ambalo pengine msimamizi wako alitaka kulisema. Mpango huu unajibu swali la "nipulize au nisipulize". Haujibu swali la "ni asilimia ngapi". Shamba uliloacha mapema kwa sababu idadi ilipanda haraka, wastani wake utaonekana mkubwa kuliko ulivyo. Kama sura ya nne italinganisha viwango vya mashambulizi kati ya mashamba, huko baki na 50 zako.

Karani_wa_Kisumu

Niongeze upande wa afya, kwa maana nimefanya kazi ya kuingiza data za majaribio ya tiba miaka mingi. Huku mfuatano unahusu maisha ya watu.

Hapa Kisumu kulikuwa na jaribio la kupima kama tohara inapunguza maambukizi ya VVU, vijana 2,784 wa miaka 18 hadi 24. Desemba 2006 lilisimamishwa kabla ya muda wake, sambamba na lile la Rakai, Uganda, lenye wanaume 4,996. Bodi huru ilitazama data katika hatua iliyopangwa tangu mwanzo. Kwa Kisumu, waliotahiriwa walikuwa wameambukizwa 22, wasiotahiriwa 47. Ungewaambia nini wale ambao hawajatahiriwa, kwamba wasubiri tarehe ifike? Walipewa nafasi ya kutahiriwa.

Lakini dada, lishike hili neno "iliyopangwa". Ukichungulia data mara tano, kila mara ukitumia kigezo kile kile cha asilimia 5, yaani nafasi ya kukosea unayoikubali, uwezekano wa kutangaza tofauti isiyokuwepo unapanda hadi kama asilimia 14. Ndiyo sababu kigezo cha kila mchungulio hubanwa zaidi, na idadi ya michungulio huandikwa kabla mshiriki wa kwanza hajasajiliwa. Ukiamua kusimama kwa sababu umechoka au umependa ulichokiona, hapo msimamizi wako yuko sahihi kabisa.

Binti_wa_Mvomero

Shikamoo Mzee, na asante dada wa Kisumu. Mwalimu, nawe asante, maana mimi mwenyewe nilikuwa nimechanganya.

Jana usiku nilirudi kwenye daftari la wiki iliyopita nikapitisha kadi kwenye mashamba sita, kituo kwa kituo. Matano yangeamuliwa kwenye mmea wa 20 au wa 30, na uamuzi ungekuwa ule ule wa 50. La sita lilinisumbua: 2 kwenye mimea 10, 4 kwenye 20, 6 kwenye 30, 7 kwenye 40, 9 kwenye 50. Mwanzo hadi mwisho liko katikati ya mistari.

Nimeamua hivi. Mashamba 24 ya tasnifu yanabaki na mimea 50, kwa sababu nalinganisha viwango. Kadi naiweka kama lengo la tatu: naipitisha kwenye data hizo hizo nione ingekubaliana na hesabu kamili mara ngapi. Nimeliandika kwenye pendekezo leo, na tarehe, kabla sijaingia tena shambani.

Mzee, bado nina moja. Shamba kama lile la sita, ambalo mmea wa 50 umefika na kadi haijasema kitu, mkulima anaambiwa nini?

Mzee_wa_Sampuli

Marahaba mwanangu. Mwambie utarudi baada ya siku tatu, na urudi kweli. Dawa isinunuliwe kabla ya hapo.