Manyoya ya kufungia chambo cha kuiga dagaa: jogoo, bata mzinga au bata?

Nahodha_Kunduchi: Wakuu, habari za jioni. Nafunga vyambo vya manyoya vya kuiga dagaa na simu (samaki wadogo jamii ya dagaa), ndoano namba 1/0, nawawinda kolekole upande wa Mbudya. Vinyoya laini vya bata mzinga vinapendeza mno nikivichezesha kwenye beseni, ila baharini chambo chote kinakuwa kama uzi uliolowa. Nyie mnatumia yapi?

FundiNdoano: Mkuu, beseni linadanganya. Vinyoya vile vinatanuka maji yakitulia. Ukivuta kwa kasi vinalala vyote na umbo la samaki linapotea. Baharini mimi ni jogoo tu, manyoya ya mgongoni karibu na mkia. Ni marefu, membamba, uti wake laini, hivyo mkia wa chambo unayumba hata ukiacha kuvuta. Ya shingoni uti wake mgumu zaidi. Nafunga sita, matatu kila upande, sehemu zilizobonyea zikitazamana. Yafunge nyuma, pale ndoano inapoanza kupinda. Lefty Kreh wa Marekani alifanya hivyo kwenye chambo chake cha Lefty's Deceiver mwishoni mwa miaka ya 1950, maana yakifungwa kichwani yanajizungusha kwenye ndoano wakati wa kurusha.

DadaWaKuku: Mimi nafuga kuku, kaka yangu ndiye mvuvi. Kuku wa nyama anachinjwa akiwa na wiki tano au sita, manyoya bado mafupi, usihangaike naye. Tafuta jogoo wa kienyeji aliyekomaa, na umuombe mchinjaji akunyonyolee mgongo mkavu kabla ya maji ya moto. Yakishaloa maji yale yanajikunja na kugandana. Yaoshe kwa sabuni, yaanike kivulini.

FundiNdoano: Asante dada, hilo la kunyonyoa kavu ni muhimu sana. Yaliyojikunja kidogo yashike juu ya mvuke wa sufuria, yatanyooka.

Rambaza_Kigamboni: Fundi, bata mzinga usimtupe kabisa. Kwenye mikoko, maji yametulia na unavuta taratibu, hakuna kinachomshinda. Ubaya wake, hayahimili meno ya samaki: mzia akiuma mara moja, nusu ya chambo inabaki mdomoni mwake. Manyoya ya kifua cha bata niliyaacha, yana mafuta na yanashika hewa, chambo kinaelea kiubavu.

Mgeni_Mbezi: Na ya kongoti, yule korongo mkubwa? Nimeyaokota jalalani. Nasikia Wazungu wanayaita marabou.

Rambaza_Kigamboni: Jina limetoka kwa kongoti, ila siku hizi yanayouzwa ni ya bata mzinga. Ya kongoti yaache ndugu yangu. Kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, manyoya ya ndege wa porini ni nyara.

Nahodha_Kunduchi: Shukrani wote. Kesho alfajiri napita soko la kuku Shekilango. Fundi, mkia uwe na urefu gani?

FundiNdoano: Kama mara mbili ya ndoano. Bora zaidi, pitia soko la samaki Feri, nunua fungu la dagaa wabichi, mlaze mmoja kando ya jiliwa (kile kibanio cha kushikia ndoano) na upime kwake. Utaona mgongo wa kijivu-kijani, tumbo jeupe na ule mstari wa fedha ubavuni. Huo mstari usiusahau.