Mshale wa spidi hauonekani usiku

*Kikundi: Familia Yetu Dodoma – Singida*
*Jumamosi*

Mama Neema, 07:12
Habari za asubuhi wote. Jana tumefika nyumbani saa nne usiku, tunamshukuru Mungu. Ila kutoka Manyoni roho ilikuwa juu. Taa za dashibodi zimefifia, Baba Neema anainama kutafuta mshale wa spidi, mimi nammulikia na simu. Kaka, upo?

Mjomba Singida, 07:20
Nipo dada, poleni sana. Hilo msilizoee. Gari ikiwa spidi 80 inakula mita 22 kila sekunde, na macho yako yapo chini. Pale Bahi mtu anavuka na baiskeli haina taa. Shemeji, zimefifia zote au upande mmoja?

Baba Neema, 07:31
Habari shemeji. Upande wa spidi ndio giza, wa mafuta unaonekana kwa mbali. Taa ndogo za nyuma zinawaka vizuri.

Mjomba Singida, 07:34
Basi fyuzi ni nzima. Kwenye Corolla nyingi kama hiyo yako, fyuzi ya taa ndogo ndiyo inalisha na dashibodi, ingekatika ungekosa vyote. Usifungue kitu kwanza. Washa taa ndogo, tafuta kale kagurudumu kadogo karibu na usukani ka kuongeza na kupunguza mwanga. Kazungushe mwanzo mpaka mwisho mara ishirini hivi. Kakikaa miaka bila kuguswa kanashika uchafu ndani, umeme haupiti vizuri.

Baba Neema, 07:50
Imeongezeka upande wa mafuta. Wa spidi bado.

Baba Mdogo Kisasa, 07:52
Kaka, ng'oa balbu zote za dashibodi weka za LED. Mimi nilibadilisha zote mwezi uliopita, kunang'aa kama mchana.

Mjomba Singida, 07:58
Zote kabisa? Hata ya alama ya betri?

Baba Mdogo Kisasa, 07:59
Zote. Fundi alisema ndiyo vizuri.

Mjomba Singida, 08:03
Na betri inakuwaje asubuhi?

Baba Mdogo Kisasa, 08:05
Ehee! Wiki hii nimesukumwa mara mbili. Nilidhani betri imechoka.

Mjomba Singida, 08:11
Usinunue betri kwanza. Kwenye magari mengi ya zamani, umeme unaopita kwenye balbu ya alama ya betri ndio unaoiamsha altaneta, ile inayochaji betri, ianze kazi. LED inapitisha umeme kidogo mno, altaneta inaweza isiamke. Rudisha balbu ya kawaida hapo, halafu pima. Gari ikiunguruma mita ya kupimia umeme isome kama volti 14. Ikibaki 12 na ushee, haichaji.

Mjomba Singida, 08:19
Shemeji, wewe sasa. Spana namba 10, chomoa nagetivu ya betri, subiri dakika chache. Plagi za njano usiziguse, ni za eabegi, ile mifuko ya hewa inayofumuka gari ikigonga. Shusha usukani, toa fremu ya plastiki, kisha skrubu za mita ya dashibodi yenye mishale. Ivute taratibu, plagi zina kilimi cha kubonyeza, usivute waya. Nyuma utaona soketi za balbu, kila moja inatoka kwa kuizungusha robo.

Baba Neema, 10:46
*[picha]*
Hizi mbili za upande wa spidi zimekuwa nyeusi kabisa.

Mjomba Singida, 10:49
Hizo zimekwisha. Nunua zenye wati ileile iliyoandikwa kwenye balbu. Duka likikupa ya wati 5 kwa sababu inaingia, kataa, joto lake linaweza kuyeyusha plastiki. Ukitaka LED kwa hizo za kuangaza tu, sawa, chukua nyeupe. Bluu inachosha macho usiku. LED isipowaka, igeuze kwenye soketi, ina chanya na hasi. Na pale soketi inapogusa sakiti, zile njia za umeme nyuma ya mita, sugua kwa raba ya kufutia penseli mpaka shaba ing'ae. Usiguse mishale.

Mama Neema, 10:55
Na hili vumbi letu kwenye kioo cha mita, nipanguse na kitambaa?

Mjomba Singida, 10:57
Kikavu hapana dada, vumbi la huko linakwangua. Lipulize kwanza, halafu kitambaa laini chenye maji kidogo.

Neema, 11:02
Shikamoo Mjomba. Baba amenipa mimi nisugue, vidole vyangu vinaingia.

Mjomba Singida, 11:03
Marahaba mama. Taratibu, ile sakiti ni laini kama karatasi.

Baba Mdogo Kisasa, 17:30
Nimerudisha balbu ya betri. Mita inasoma 14.1. Asante sana shemeji, nilikuwa naelekea dukani na hela ya betri mkononi.

Baba Neema, 19:48
*[picha]*
Nimetoka nayo giza lilipoingia mpaka Kizota na kurudi. Nimeweka balbu za kawaida. Namba zote zinasomeka, na kagurudumu sasa kanapunguza na kuongeza. Sijainama hata mara moja.

Mama Neema, 19:51
Jumapili ijayo tunakuja Singida kaka, tukuletee zabibu. Ila tutaondoka asubuhi.