Mafundi wa rangi za boti, mnatuulia vipima kina halafu mnatwambia tununue vipya!

Asalaam aleikum wadau wa bahari. Uzi huu una hasira ndani yake, mwenye roho nyepesi apite.

Boti yetu ni ya faiba, inapeleka wazamiaji kutoka Nungwi hadi Mnemba. Ilipandishwa pwani kukwanguliwa na kupakwa rangi ya chini, kazi ya kawaida tu. Tajiri kalipa, fundi kapokea, maji yalipojaa tukaishusha. Nikawasha kipima kina: vistari vitatu, namba hakuna. Kipima mwendo nacho kinasema sifuri, na wakati huo boti inakwenda mbio mpaka abiria wameshika kofia zao.

Nikampigia fundi. Unajua kanijibu nini? "Mashine yako imekufa kitambo bwana, miye niliijaribu iko juu, haikusoma kitu."

Yaani boti imekaa juu ya magogo, mchanga mkavu, jua la saa saba, yeye kawasha kipima kina anangoja kisome! Kisome kina cha nini, cha upepo? Ile transdyusa, kile kidude cheusi kilichobandikwa chini, inapiga sauti kwenda chini na kusikiliza inaporudi. Imetengenezwa kuisukuma sauti ndani ya maji. Majini sauti inakwenda kama mita 1,500 kwa sekunde, mashine inahesabu muda wa kwenda na kurudi, inagawa kwa mbili, inakupa kina. Ukiiweka hewani, sauti karibu yote inakatikia pale pale kwenye uso wake. Hata iliyotoka kwenye boksi leo haitakusomea kina ikiwa juu ya mchanga. Huyu mtu anachukua pesa za watu kwa jina la ufundi, na hili halijui.

Ngojeni, bado. Tajiri kaenda duka moja mjini. Muuzaji hakuuliza hata swali, hakutaka kuona kitu, kasema "ndiyo, hizo hufa", kamtolea mpya. Bei yake sitaiandika hapa, nitapandwa na presha tena.

Kabla mpya haijafungwa nikavaa miwani nikaingia chini ya boti. Wallahi nilichokiona! Transdyusa imepakwa rangi ile ile ya boti, nzito, mapovu madogo yamekaukia humo ndani. Nikachimba kwa ukucha: nyekundu, chini yake bluu, chini yake nyekundu tena. Ina maana kila anayepandishiwa boti anapaka juu ya uchafu wa mwenzake. Na katikati ya uso kuna mfereji wa patasi, umekwenda moja kwa moja kutoka pembe hadi pembe. Mtu kakwangua plastiki ya kipimo kwa patasi aliyokwangulia mkuku, ule uti wa chini wa boti.

Kile kigurudumu cha kipima mwendo ndiyo msiba. Kinatakiwa kizunguke hata ukikipuliza kwa mdomo, maana ndani ya vibawa vyake mna sumaku, na mashine inahesabu zinavyopita. Hiki kilikuwa kimegandishwa na rangi kwenye ekseli yake, na nyuma ya kibawa kimoja kulikuwa na vigamba vyeupe, vile vidudu vya bahari vinavyoganda chini ya boti, vimepakwa rangi vikiwa hai! Hakuvitoa, kavipaka.

Boti ilipolala mchangani maji yalipokupwa, nikachukua msasa laini, namba 220, nikaulowesha maji, nikaondoa rangi pole pole bila kukandamiza. Kigurudumu nikakichomoa, nikakiroweka kwenye siki. Vile vigamba ni chokaa, siki inavila mpaka unaona vinatoa mapovu, kisha unasugua kwa mswaki mkuukuu. Maji yakajaa, nikawasha. Mita 3 na nukta 2. Nikatumbukiza kamba yenye risasi kuhakikisha, ile bildi ya wazee wetu, zikaafikiana. Mashine "iliyokufa" hiyo!

Tukarudi dukani na boksi halijafunguliwa plastiki. Jibu: mali ikiuzwa hairejeshwi, kasome risiti.

Sasa naomba mnielewe kwa nini najiuma vidole kwa kidude cha ukubwa wa kiganja. Hapa kwetu bamvua, siku za maji makubwa, maji yanapanda na kushuka kama mita 4. Mwamba uliopita juu yake asubuhi bila wasiwasi, alasiri unakungoja umetoa kichwa. GPS itakwambia uko wapi, haitakwambia chini ya mkuku wako kumebaki nini. Na msiniambie "mbona nikikata kwenda Pemba mashine yangu inapoteza namba na mie sijapaka kitu." Mkondo wa Pemba una sehemu zinazopita mita 700, mashine zetu ndogo hazifiki huko, na hilo si ugonjwa. Ugonjwa ni kupoteza namba penye mita 5.

Kipima mwendo nacho wengi wanakidharau, ati GPS inatosha. GPS inakupa mwendo juu ya ardhi. Kigurudumu kinakupa mwendo ndani ya maji. Ukivilinganisha unajua mkondo unakusukuma au unakuvuta, na mwenye wazamiaji majini anaelewa hapo nasema nini. Tena siku ukiona mizunguko ya injini ni ile ile na kigurudumu kisafi kinaonyesha mwendo umeshuka, ujue chini kumeota. Mafuta yanateketea na tajiri anakuita wewe mwizi.

Na kitabu cha maelekezo nacho kinanichekesha. Kinasema safisha vihisi chombo kinapopandishwa kwa majira ya baridi. Baridi ipi Unguja? Maji yetu yako kwenye nyuzi 25 mpaka 30 mwaka mzima, vitu vinaota Januari, vinaota Julai. Mbaya zaidi ni masika wageni wakipungua, boti imefungwa hapo haisogei. Kinachotembea hakishikwi upesi. Kilichosimama kwanza kinapata utelezi, halafu majani, halafu vigamba, na vigamba vikishashika mizizi unavitoa kwa vita.

Dawa si ngeni wala si ghali. Transdyusa ipakwe rangi ya kuzuia uoto inayochanganywa kwa maji, iliyoandikwa kwenye kopo kuwa ni ya transdyusa, mkono mmoja mwembamba, basi. Siyo rangi ya boti, na siyo yenye tina kali au asetoni, maana hizo zinakula plastiki yenyewe. Kigurudumu, kama ni cha kuchomoa, boti ikikaa kichomoe na utie kizibo chake. Maji yatakurukia, ndiyo, kwa hiyo kizibo kiwe mkononi kabla hujavuta, na kukiwa na mtu wa pili ni bora. Ni kazi fupi kuliko kumtafuta huyo fundi kwenye simu. Chini ya boti pita na kitambaa au sponji kila unapozama, uoto ukiwa bado laini. Chuma kisiguse pale, hata kijiko.

Kuna mzee mmoja pale pwani kaniambia nitafute "rangi za zamani zile kali, zinaua kila kitu." Mzee wangu, shikamoo, lakini hapana. Zile zilikuwa na sumu ya bati, TBT. Kule Arcachon, Ufaransa, chaza waliharibika magamba, mavuno yakaanguka, na mwaka 1982 Wafaransa wakazikataza kwa boti ndogo. Mkataba wa kimataifa wa kuzipiga marufuku ulipitishwa 2001, ukaanza kazi 2008. Kina mama wa Paje na Jambiani wana mashamba ya mwani humu humu majini, na sie tunakula tunachokivua hapa. Wazee wa majahazi walitia chokaa na shahamu, wakarudia kila ilipoisha, wakafika Arabuni wakarudi. Sitaki sumu, nataka fundi anayefuata maelekezo ya kopo.

Sijamtaja fundi wala duka, na mods msinifutie uzi. Ninachotaka ni mambo mawili. Kwanza, mwenye kujua fundi Unguja, iwe Nungwi, Mkokotoni au mjini, ambaye anaziba vihisi kwa utepe kabla ya kupaka na kuuondoa akimaliza, anitumie ujumbe, tunapandisha tena bamvua ijayo. Pili, transdyusa mpya ipo, boksi halijafunguliwa, ni ya kubandika nyuma kwenye tezi, masafa ya sauti yake 50 na 200 kilohezi. Anayehitaji kweli aseme, tutaelewana bei, ila kwanza aingie chini ya boti yake aangalie ile aliyonayo.