Naomba ushauri: Mazoezi ya hoki ya barafuni wakati goti bado linapona

Winga wa Kushoto:
Habari zenu wakuu. Katika mechi ya ridhaa, mpinzani aliniangukia gotini kwa upande wa nje na goti likakunjikia ndani. Daktari alisema kano ya upande wa ndani imechanika kiasi, daraja la pili, na kwamba upasuaji hauhitajiki. Gegedu na kano nyingine ziko salama. Sasa natembea bila kuchechemea na kupanda ngazi bila maumivu, lakini mtaalamu wa fiziotherapia bado hajaniruhusu kuingia barafuni. Nifanye mazoezi gani nisipoteze pumzi na wepesi wa mikono, na nitajuaje kwamba goti liko tayari?

Beki Mkongwe:
Pole sana, ndugu. Ngazi zisikudanganye, kwa sababu anayepanda ngazi husukuma mguu mbele na nyuma, ilhali anayeteleza husukuma kwa ubavu akiwa amekanyagia ukingo wa ndani wa chuma cha kiatu, na msukumo huo ndio unaoivuta kano iliyoumia. Kufunga breki ghafla ndiko kunakoibana zaidi.

Kwa mikono, keti kitini ukiwa na gongo lako, uendeshe mpira mdogo kushoto na kulia bila kuutazama. Kwa pumzi, tumia baiskeli ya mazoezi: zamu moja uwanjani huwa takriban sekunde 45, hivyo kanyaga kwa nguvu kwa muda huo, kisha pumzika kwa muda ulio mara mbili au tatu ya huo, kama vile umerudi benchi.

Mnyoosha Viungo:
Naunga mkono, ila nisisitize paja. Goti likivimba, msuli wa mbele ya paja hulegea upesi, na kutosikia maumivu hakumaanishi kwamba nguvu imerudi. Simama mbele ya kioo, uchuchumae kidogo kwa mguu mmoja, polepole: goti likielekea ndani badala ya kufuata vidole, nyonga na paja bado. Wengi wetu tunaotibu viungo hutaka mguu ulioumia ufikie angalau asilimia 90 ya nguvu ya mwenzake. Kila baada ya mazoezi, likague goti asubuhi inayofuata. Likiwa limejaa pembeni mwa kifuniko chake, ulizidisha.

Ukiruhusiwa, anza kwa kuteleza mbele taratibu bila kisahani kinachopigwa kwa gongo, kisha mizunguko mipana, kisha kupishanisha miguu kwenye kona na kufunga breki kwa pande zote mbili. Mazoezi na timu yaanze bila kugongana. Kugongana kuje mwisho kabisa.

Mlinda Lango:
Mbona mimi nilirudi mapema nikiwa na kifaa cha goti chenye bawaba, na sikudhurika?

Mnyoosha Viungo:
Kifaa hicho hupunguza kuyumba kwa goti kwa ubavu, lakini hakijengi paja. Kivaliwe kama nyongeza, tena kwa kushauriana na anayekutibu.

Winga wa Kushoto:
Nashukuru sana. Nimejaribu mbele ya kioo, na kweli goti linaingia ndani. Je, mkanda wa mpira juu ya magoti, nikitembea kwa ubavu, unafaa kuanzia?

Mnyoosha Viungo:
Unafaa, mradi ni mwepesi na husikii mvuto ndani ya goti. Mwonyeshe pia mtaalamu wako ulichokiona kiooni.