MJADALA: Majeruhi anakataliwa mapokezi kwa kukosa PF3 (fomu ya polisi ya majeruhi). Nani awajibishwe?

Mwana Igoma
Wakuu, heshima kwenu. Jirani yangu ni dereva bodaboda. Kagongwa usiku barabara ya Musoma, tukampakia kwenye bajaji hadi hospitali moja hapa mjini, jina naliweka pembeni. Damu imelowesha kiti kizima, dada wa mapokezi hata macho hanyanyui: "PF3 iko wapi?" Mmoja wetu akakimbia kituoni, huko akaambiwa asubiri, afande mwenye mhuri katoka. Jirani yuko hai ila mguu hautarudi kama zamani. Serikali imeshatamka kwamba wa dharura atibiwe kwanza, fomu ifuate. Swali langu: anayegoma kumgusa majeruhi kwa sababu ya karatasi ashitakiwe yeye binafsi, au hospitali? Mimi nasema yeye.

Sheria Kidogo
Umegusa penyewe. Kanuni ya Adhabu inamshika anayemtibu mtu kwa uzembe, lakini inamzungumzia aliyekubali kumtibu. Yule ambaye hakumgusa kabisa, wakili wake atasimama aulize: mteja wangu alimtibu nani? Hapo ndipo unapokimbilia Ibara ya 14 ya Katiba, haki ya kuishi na kupata hifadhi ya maisha kutoka kwa jamii. Au unampeleka kwenye taaluma yake: daktari Baraza la Madaktari Tanganyika, nesi Baraza la Uuguzi na Ukunga. Kufutiwa usajili kunauma kuliko faini. Nani ana jibu la huyo asiyegusa?

Mwaloni Boy
Mnazunguka mbuyu. Ukiulizwa PF3 maana yake toa chochote. Weka elfu kumi mezani uone kama fomu itatajwa tena. Manesi tunawajua.

Nesi wa Zamu
Mwaloni Boy, umenikosea sana. Sijawahi kupokea hata soda ya mgonjwa. Juzi usiku kaja mvuvi, kiganja kimechanwa, vidole viwili vinashikiliwa na ngozi tu. Anasema pangaboi ya injini imemkata. Umeme hakuna, mwenzangu anamulika kwa simu, mimi nimebana mshipa kwa mkono mmoja, mwingine unatafuta gozi. Sikumuuliza PF3 wala bima. Asubuhi polisi hao: kumbe walikatana mapanga mwaloni wakigombea nyavu, na mimi naulizwa kwa nini sikutoa taarifa. Ukimtibu bila fomu unahojiwa, usipomtibu unatukanwa. Halafu wewe unaniletea habari za elfu kumi!

Mwaloni Boy
Nimerusha jiwe gizani. Aliyelia ndiye limempata.

Bibi wa Nansio
Kijana, chunga ulimi, huyo anaweza kuwa mama yako. Mimi nimewaona wahudumu wa Ukerewe kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka pale kisiwa cha Ukara. Watu wanatolewa majini, wengine wanahema kwa shida, sikusikia hata mmoja akiulizwa karatasi. Hawakulala wale watoto.

Mwaloni Boy
Bibi, hayo ya 2017 tumeshayazika. Ajali ya kitaifa, kamera zipo, viongozi wapo, nani angethubutu kuuliza fomu? Mimi nasema siku za kawaida.

Bibi wa Nansio
Ni 2018, Septemba 20. Na wewe hukuzika mtu. Walikufa zaidi ya 220, na miongoni mwao wamo watu niliowalea kwa mikono yangu. Usiniambie tumeyazika.

Kaka Nyakato
Mwaloni Boy, omba radhi. Hilo halina mjadala.

Mwaloni Boy
Kwa bibi naomba radhi, shikamoo bibi, nimekosea tarehe na nimekosea maneno. Kwa nesi siombi.

Bibi wa Nansio
Marahaba. Sasa mwombe na mwenzako.

Mwana Igoma
Jamani, nimeuliza habari ya kuwajibishwa, tumefika Ukara! Sheria Kidogo kauliza jambo la maana, hakuna aliyemjibu.

Mvuvi wa Kome
Mwana Igoma, nyie wa mjini mnalia kituo kimefungwa, sisi kituo chenyewe ni kuvuka maji. Ziwa likichafuka hakuna mtumbwi unaotoka, hata uwe na fedha ya mafuta. Mtu kachanwa kichwa, fomu iko ng'ambo. Zahanati yetu inashona, polisi watajijua. Mnataka dawa ya jambo hili? PF3 zikae zahanati. Mganga ajaze, polisi waifuate wenyewe.

Sheria Kidogo
Hapo napata wasiwasi. Ile fomu ni ushahidi. Mahakamani mshitakiwa ana haki ya kutaka daktari aliyeijaza aje ahojiwe. Ikizagaa zahanati bila polisi kuifungua, wakili atasema imepikwa, na aliyekukata panga atarudi nyumbani.

Mvuvi wa Kome
Na aliyekatwa akifa akisubiri boti, ushahidi utamsaidia nani?

Kaka Nyakato
Naunga mkono Kome. Hospitali kubwa ziwe na askari wa zamu usiku kucha, na kwa visiwa ipangwe namna yake. Tuache kumtwika nesi kazi ya polisi.

Nesi wa Zamu
Fomu mniletee hata leo, nitaijaza, na mahakamani nikiitwa nitakwenda. Lakini sitoki hapa mpaka Mwaloni Boy afute ile kauli.

Mwaloni Boy
Sifuti. Mke wangu kajifungua mwaka huu. Tumeagizwa glavu, tumeagizwa pamba, tumenunua vyote. Halafu mhudumu ananivuta pembeni ya korido anataka "ya chai" ndipo mke wangu abadilishiwe shuka. Nikatoa. Risiti sikupewa. Ndiyo maana nawajua.

Nesi wa Zamu
Ungeanza na hilo, tungeelewana mapema. Aliyekuchukulia hiyo fedha ananichafua mimi kabla hajakuchafua wewe. Kumbuka tarehe na zamu ilikuwa ipi, usitaje jina hapa hadharani. Jumatatu saa mbili tukutane kwa mganga mfawidhi wa hapo, uandike malalamiko, mimi nitakaa pembeni yako.

Mwaloni Boy
Saa mbili nipo. Usiponiona wewe, nitarudi hapa kusema.